Ianeta Alivyomwombea Mumewe

Pesamino aliporudi kisiwani kwao Savai'i kutoka kuchuma matufaha Nyuzilandi, alimletea mkewe cherehani, akawaletea watoto viatu, na siri yake akaiacha huko huko ng'ambo. Angalau ndivyo alivyodhani. Kumbe binamu yake aliyekuwa naye mashambani aliijua, na walipogombana juu ya mpaka wa shamba la magimbi, binamu akaibwaga mbele ya duka.

"Shemeji," alimwambia Ianeta, "hebu muulize mumeo habari za yule mwanamke aliyekuwa anampikia."

Ianeta alinunua sabuni aliyoifuata, akarudi nyumbani, akamkuta mumewe amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Baba Lagi, alikuwa anaitwa nani?"

Mkono wa Pesamino ukasimama. Hakuuliza nani. "Nilikosa, mke wangu. Ilikuwa msimu ule tu. Imekwisha."

"Imekwisha kwako," Ianeta alisema. "Mimi ndiyo kwanza naanza."

Wengine wangesema ni wivu wa kawaida, lakini jeraha la Ianeta lilikuwa na mizizi. Alipokuwa msichana alimkataa mtoto wa chifu akamchukua Pesamino, asiye na cheo wala shamba la maana, kwa sababu alifunga na kuomba akaona ndiye aliyepewa na Mungu. Tangu siku ya harusi mpaka safari ile ya Nyuzilandi hawakuwahi kukosa sala ya jioni pamoja. Walipomzika mtoto wao wa kwanza walisali. Kimbunga kilipobeba paa walipiga magoti juu ya sakafu tupu, mvua ikiwapiga, wakasali. Sasa alijiona amesalitiwa na wawili kwa mpigo, mume na Mungu aliyempa mume huyo.

Kimya kingi kina mshindo. Jioni ile baragumu la sala lilipopulizwa, kijiji kizima kikatulia, kila familia ndani ya nyumba yake, hakuna mtu barabarani. Na kwa kuwa nyumba zile hazina kuta, ila nguzo na paa, sauti ya Ianeta ilisafiri vizuri.

"Bwana, wakumbuke wanaume wanaoshika sahani ya sadaka kwa mkono ule ule uliomshika mwanamke wa watu. Mikono hiyo ioze, Bwana. Tena ioze polepole, usiwe na haraka."

"Amina," akasema Pesamino, maana alikuwa shemasi wa kanisa, na shemasi hawezi kuiruka amina.

Ikawa ndiyo desturi. Mchana Ianeta alisuka mikeka huku akiitunga sala ya jioni kichwani, akichagua maneno kama mtu achaguaye samaki sokoni. Na utamu wake aliusikia mpaka kooni. Majirani walianza kula mapema ili wasipitwe. Kule shambani wanaume walimngojea Pesamino na vicheko. "Shemasi, lete huo mkono tuuone. Umeshaanza kunuka?" Yeye aliinama akapanda magimbi yake. Alikonda. Mwishowe akaenda mwenyewe kwa mchungaji akauvua ushemasi, na jioni ile mkewe akamshukuru Mungu kwa kazi nzuri aliyoianza, akamsihi asiishie hapo.

Kilichomkata Ianeta ulimi ni binti yake. Jioni moja alimwambia Lagi afunge sala, na mtoto, kwa sauti ile ile ya kuimba aliyofundishwa kanisani, akasema, "Bwana, bariki chakula chetu, na mkono wa baba uoze. Amina."

"Amina," akasema Pesamino.

Asubuhi Ianeta aliwachukua watoto akaenda kwa kaka yake Semisi, kijiji cha pili. Hakujua anamkimbia mume au anaikimbia sala yake mwenyewe. Semisi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa panga akaanza kulinoa.

"Dawa ya moto ni moto, dada. Aje tu."

Akaja kweli. Alfajiri moja walimkuta Pesamino ameketi juu ya changarawe mbele ya nyumba, kichwa chini, amefunikwa mkeka mzuri wa ukoo, kama afanyavyo mkosaji anayejikabidhi. Kando yake aliketi mjomba wake, mkuu wa ukoo wao, na nyuma yao mchungaji na mkewe. Aliyekosewa akiuinua mkeka, amesamehe. Asipouinua, aliye chini yake hana la kudai, hata apigwe panga.

"Neno ni lako," Semisi alisema.

"Mwache akae."

Ianeta alikunywa kakao yake akimtazama. Jua likapanda. Changarawe zikawaka moto. Mkeka ukatota jasho, na Ianeta akaomba kikombe cha pili. Mke wa mchungaji akainuka, akaja kuketi karibu naye.

"Mwanangu, zile jioni zote ulikuwa unaongea na nani?"

"Na Mungu, mama."

"Mbona macho yalikuwa kwa mumeo?"

Ianeta akaweka kikombe chini. "Mungu aliniangusha, mama. Nilimwomba mume, akanipa huyu."

"Aliyeanguka ni nani, Mungu au Pesamino?"

Ianeta aligeukia ndani, mbali na watu wote, akasema kwa sauti isiyosikika hata hatua moja: "Bwana, nataka afe. Sina sala nyingine. Ichukue hii." Hakusikia kitu. Alilia mpaka pua ikaziba, kisha akatoka juani akauinua mkeka.

Pesamino alikuwa mwekundu wa macho, midomo imepasuka.

"Sikuamini," Ianeta alimwambia. "Pengine sitakuamini tena. Nilikuegemea wewe nikavunjika. Sasa namwegemea Mungu peke yake. Ukitaka kuwa karibu nami, njoo uegemee huko huko."

"Ndiyo, mke wangu."

"Na Nyuzilandi huendi tena."

"Siendi."

Semisi alikuwa amesimama na panga lake, uso umemshuka. "Dada, hata sikio moja tu?"

"Hata sikio," alisema Ianeta. "Ingawa ningependa."

Wakarudi nyumbani, na haikuwa rahisi. Kwa muda mrefu Pesamino alilala upande wa watoto, akala chakula kilichozidi chumvi bila kuguna. Jioni alisali Ianeta, maneno machache, bila kuwapa majirani cha kusikiliza. Hasira ilimrudia mara nyingi, hasa msimu wa matufaha ulipofika na vijana wakaanza kufunga mizigo. Siku hizo alimweleza Mungu kwanza, yote, bila kupunguza, kabla hajamwambia Pesamino neno. Siku nyingine alimwambia Pesamino pia.