Nilizima moto wa Koko ili apigwe picha ya baridi

Wakuu, nawasalimu wote, wa karibu na wa mbali.

Kwanza naomba msamaha. Shule niliishia darasa la sita, na kuandika kwangu ni pole pole, kama mtu anayepita kwenye matope na viatu vya kuazima. Haya nimeyaandika kwanza kwenye daftari, siku tatu, ndipo nayahamishia kwenye simu. Mwandiko wangu hamuuoni, na hilo mshukuru. Lakini mkikuta herufi zimekaa vibaya, mnisahihishe bila kunicheka sana.

Ninayosimulia ni ya kweli. Sikuyasikia kwa jirani, niliyafanya kwa mikono yangu.

Niko Gihundwe, pembeni ya Kamembe, Rusizi. Ni msichana wa miaka kumi na tisa, nafua nguo kwenye nyumba za watu. Naishi na bibi yangu. Tunamwita Koko kwa sababu alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka tu hapo, na huko bibi ni Koko. Yeye ananiita Maman, yaani mama, tangu nikiwa mdogo. Basi mkisikia mzee wa miaka sabini na kitu anamwita msichana Maman, ndiyo mapenzi ya kwetu hayo.

Koko ni mtu wa kupendeza. Hatoki nje bila kitambaa kichwani na herini zake mbili, ndogo, za rangi ya dhahabu. Hata akienda kuchota maji, herini ziko masikioni. Nikimuuliza anajibu, "Maji nayo yananiona."

Sasa, wengi mtasema Afrika hakuna baridi. Njooni kwetu wakati wa mvua nyingi. Ukungu unashuka, nguo hazikauki siku nne (mimi mfuaji ndiye ninayejua), na wazee viungo vinawauma. Tena ndio wakati makala, yaani mkaa, yanapopanda bei, kwa sababu kuni zimelowa na magari yanakwama vijijini. Mzee anayeishi peke yake anachagua: apike au aote moto.

Kwa hiyo kila Jumatano Koko na wamama wa kanisani wanakutana uani kwa Maman Zawadi. Wanachukua vumbi la makala ambalo wauzaji wanafagia na kutupa, wanachanganya na udongo na uji mwepesi wa unga wa muhogo, wanafinyanga mipira kama machungwa, wanaianika chini ya ukingo wa bati. Ikikauka inawaka taratibu saa nyingi. Kisha wanaipeleka kwa wazee walio peke yao.

Mwenye kazi hapo ni Koko. Wengine wanakanda, lakini hakuna mpira unaofinyangwa kabla yeye hajaingiza mikono kwenye beseni na kusema "sawa." Anachukua bonge, analiminya, analiangusha kutoka kimo cha goti. Likipasuka anasema udongo bado. Lisipopasuka anacheka. Jumatano jioni alikuwa anarudi na mikono myeusi hadi kwenye viwiko, na mimi namwagia maji naye ananisimulia nani alimwambia nani nini.

Hiyo mikono myeusi muikumbuke.

Basi likaja shirika moja, sitalitaja, lililotaka kugawa makala kwa wazee wa wilaya nzima. Lilitaka picha ya kuwaonyesha watu shida ya baridi. Mpiga picha wao, kijana mpole anaitwa Eric, alinikuta nafua kwenye nyumba ya mfanyakazi mwenzake. Akaniuliza kama namjua mzee yeyote.

Mimi ni mwenye haya, wakuu. Watu huwa wananipita kama kamba ya kuanikia nguo. Mtu mwenye kamera kunisemesha ilikuwa sikukuu. Nikajibu haraka, "Niko na Koko wangu."

Koko aliposikia mgeni anakuja na kamera, alivaa kitenge cha Noeli. Alifunga kitambaa cha njano. Akawasha mbabula, jiko letu la makala, moto mwingi kabisa, akaweka chai ya tangawizi.

Hapa nieleze kitu cha nyumbani kwetu. Kwa Koko, mgeni anakuta moto na anaondoka akiuacha unawaka. Moto wa mgeni hauzimwi angali amekaa. Kuuzima ni kumwambia: ondoka, na usirudi. Nimefundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma.

Eric alikunywa chai, akashukuru. Halafu akaangalia nyumba, akamwangalia Koko, akajikuna kichwa.

"Mama, umependeza sana," akasema. "Njo shida." (Kwetu "njo" ni ndiyo, na "bantu" ni watu.)

"Kupendeza njo shida?" Koko akacheka. "Mwaka gani imeanza?"

Akaomba kitambaa kitoke. Na herini. Akaona blanketi la kijivu ambalo napigia pasi, akaomba Koko ajifunike nalo. Kisha akaonyesha mbabula. "Na moto, Mama, tuuzime kidogo. Bantu bakiona moto, hawataona baridi."

Koko aligeuka akaniangalia mimi. "Maman, unasemaje?"

Wakuu, hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Neno moja tu. Lakini nilimwonea haya mgeni, nikaogopa atasema tumempotezea muda. Nikasema, "Koko, kubali tu. Ni dakika mbili."

Akainamisha kichwa. Nikamtoa herini mimi mwenyewe, moja, mbili, nikazitia kwenye mfuko wa sketi. Halafu nikachukua kikombe cha maji nikamwaga kwenye moto. Ukalia shhh. Mgeni amekaa, na chai yake bado ina mvuke.

Eric akamweka Koko mikono juu ya majivu. "Usiniangalie, Mama. Angalia chini. Fikiria kitu kibaya."

Koko akasema pole pole, "Sina haja ya kufikiria."

Eric akapiga picha.

(Naituma kipande kipande, na naona mmoja ameshaandika hapo chini "fupisha uzi." Mkuu, nimekwambia nilitumia siku tatu. Vumilia.)

Baada ya wiki chache picha ikabandikwa Kamembe, karibu na soko, kubwa kuliko mlango. Ikaingia na kwenye simu za watu. Mikono ya Koko, mikunjo yote inaonekana, blanketi la pasi, giza. Chini imeandikwa kwamba mzee huyu hana wa kumwashia moto.

Hana wa kumwashia moto. Na mimi ninayelala chumba cha pili?

Tuliiona pamoja Jumapili tukitoka kanisani. Koko alisimama muda mrefu. Nilisubiri anigombeze. Akasema tu, "Masikio yangu yako matupu." Tukaenda nyumbani.

Nisidanganye, picha ilifanya kazi. Makala yalitolewa, magunia kwa magunia. Hata mzee mmoja wa Nyakarenzo, ambaye mvua ilimbomolea jiko, alipata. Wapo wazee wanaoumia kwa baridi kweli, na mimi nawajua kwa majina. Kwa hiyo sisemi picha zile zisiwepo.

Nasema kilichotokea kwetu.

Jumatano iliyofuata Koko alirudi mapema. Nikatoka na jagi la maji kama kawaida. Akanyoosha mikono. Ilikuwa safi.

"Bamenikataza," akasema.

Kumbe alipoinama kwenye beseni, Maman Zawadi alimshika mkono. "Koko, pumzika. Tuliona picha. Hatukujua uko na hali ile, utusamehe." Wakamletea kiti. Wakamfunika shali. Mmoja akampa kikombe cha uji, akamshikia kabisa, kama anamlisha mtoto. Kila alipotaka kuinuka, wanamkalisha. Wamama hao wanampenda, na kwa mapenzi yao wakamvua kazi.

Jumatano ya pili alikwenda, akakalishwa tena. Ya tatu hakwenda.

Akaacha kufunga kitambaa. Herini nilimrudishia, akasema, "Weka huko." Nikirudi kazini namkuta amekaa, blanketi la pasi mabegani, mbabula imezimika, mikono juu ya majivu, anaangalia chini. Siku niliyoona hivyo nilisimama mlangoni na beseni la nguo kichwani. Ilikuwa ile picha. Hakuna aliyemwambia akae vile, amejikalisha mwenyewe. Nikajua nisipofanya kitu nitampoteza, na hatakuwa amekufa wala kuumwa. Atakuwa amekubali tu.

Nikaenda ofisini kwa Eric. Kuongea sikuweza, nikampa karatasi niliyoandika. Alisoma, akavua kofia.

Akaniambia, "Dada, picha za wazee tunazipiga hivyo hivyo siku zote. Mikono, blanketi, giza. Mzee akicheka, bantu banasema huyu hana shida. Nyumbani niko na bibi, naye anacheka mpaka kikohozi kinamshika. Sijawahi kumpiga picha kwa kazi hii." Akasema ya kwenye simu ataiondoa leo, ila ile ya sokoni itabaki mpaka muda wake uishe. Akaomba msamaha kweli, na mimi nikamsamehe, kwa sababu yeye hakujua desturi ya moto wetu. Mimi nilijua.

Lakini picha kuondoka kwenye simu haikumrudisha Koko kwenye beseni. Aliyeweza kumrudisha ni Maman Zawadi, na kwa Maman Zawadi kulikuwa na wamama kumi na wawili, wote wanaongea kwa pamoja.

Jumatano nikaenda. Nilisimama kwenye geti mpaka mmoja akasema, "Mjukuu wa Koko huyo. Ameota mizizi pale?"

Maman Zawadi alikuwa ameshika mpira wa makala uliopasuka. Wiki mbili mipira ilikuwa inapasuka yote, hakuna aliyejua kwa nini. "Koko anaendeleaje?" akaniuliza kwa sauti ya kuulizia mgonjwa.

Nikasema, "Ule moto nilizima mimi."

"Moto gani?"

"Wa kwenye picha. Koko aliwasha moto mwingi, alivaa kitenge cha Noeli. Mimi njo nilimtoa herini. Mimi njo nilimwaga maji. Mpiga picha alikuwa amekaa, anakunywa chai."

Mama mmoja akapiga makofi. "Weye! Umezima moto na mgeni amekaa?"

"Ndiyo, Maman."

"Na chai mkononi?"

"Ndiyo, Maman."

"Yesu wangu, batoto ba siku hizi!" Wakaanza wote. Nilisemwa, wakuu, nilisemwa mpaka nikasahau haya zangu. Kati ya maneno hayo nikamsikia Maman Zawadi akisema taratibu, kama anajisemea, "Kwa hiyo Koko hakuwa na baridi. Alikuwa na adabu."

Akabeba beseni kichwani, lote, na mchanganyiko ndani, akatoka. Wamama wakamfuata. Tulipita Gihundwe kama msafara wa harusi, pikipiki zinatupigia honi.

Koko alikuwa amekaa vile vile. Maman Zawadi hakumpa pole, wala hakumwomba radhi. Alitua beseni mbele yake, akamwekea mpira uliopasuka mapajani.

"Ona aibu hii," akasema. "Inavunjika kama biskuti. Bantu banatucheka. Tufanye nini?"

Koko aliuangalia mpira. Akaugeuza. Akaunusa.

"Nani alileta udongo huu?"

Wamama wakaangaliana.

"Nauliza nani. Huu ni wa kufinyanga ao ni wa kuzika muntu?"

Mama mmoja akajitetea, "Koko, tulichota pale pale."

"Pale pale kwa juu, kwenye mchanga! Miaka yote nasema chini, penye utelezi, nyinyi munaogopa kuanguka na makalio yenu." Blanketi lilikuwa limeshaanguka sakafuni, sijui saa ngapi. Mikono yake ilikuwa ndani ya beseni hadi kwenye viwiko. "Zawadi, leta uji mwingine. Weye, nenda kwenye udongo. Na muondoe hicho kiti."

Wamama wanacheka, wanatukanwa, wanafurahi. Mimi niko kwenye kona yangu. Koko akaniona.

"Maman. Herini zangu."

Nikazileta. Akanyoosha mikono, ikawa inachuruzika weusi, akaiangalia, akainamisha kichwa upande wangu kama siku ile. Nikamvalisha, moja, mbili. Nikawasha na mbabula, moto mwingi, kwa sababu tulikuwa na wageni.

Hayo ndiyo yangu, wakuu.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukimwonyesha mtu mzima kwa watu, muulize kwanza anataka aonekane vipi, na akikutazama kabla ya kujibu, usimwambie kubali tu. Na shida yake isikufanye usahau kazi yake. Mtu anaweza kuwa na baridi na bado akawa ndiye anayejua udongo. (Na mbabula msilale nayo ndani mlango umefungwa, tafadhali. Hilo Koko amesema niandike.)

Ile picha ya sokoni bado ipo, mvua imeanza kuichubua pembeni. Koko akipita anasimama, anairekebisha pembe kwa kidole, anaisalimu: "Pole, Mama. Bado wamekukalisha bila moto?" Halafu anaendelea na safari, herini zinang'aa.

Sasa na nyinyi mniandikie. Bibi yako, babu yako, ungempiga picha mikono yake ikiwa inafanya nini? Nasoma pole pole na kujibu kwangu ni pole pole zaidi, lakini kila atakayeandika nitamjibu, na mengine nitamsomea Koko. Ameniuliza mara mbili leo kama kuna aliyeandika.