Skrini ya Kuonwa na Mama Mkwe

Juzi nilikuwa kwenye duka la kompyuta pale Kondele nikitafuta chaja, nikakuta bwana mmoja akichagua laptopu kwa njia ya ajabu. Aliacha ya inchi kumi na tatu wazi juu ya kaunta, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akaketi kwenye benchi na kukaza macho. Kisha akatikisa kichwa.

"Bwana, hiyo ndiyo nyepesi, na kioo chake ni safi," muuzaji akamwambia. "Nani huangalia laptopu kutoka mlangoni?"

"Mama mkwe."

Akaeleza kwamba mke wake anafanya kazi ng'ambo. Kila Jumapili yeye hupanda boda mpaka Kombewa ili mama aongee na binti yake kwa video. Mama akishika simu mwenyewe, hubonyeza pasipofaa na uso wa binti hupotea. Basi huishika mkwe, na kwetu Wajaluo mkwe hamsogelei mama wa mke wake. Mmoja huketi huku, mwingine kule.

"Jumapili iliyopita aliniuliza kama msichana amekonda. Haoni vizuri."

Muuzaji akamletea ya inchi kumi na saba. Bwana akaiinua, akaguna.

"Hiyo itakuumiza mgongo kwa boda," muuzaji akamwonya.

"Mgongo utazoea. Mama hatazoea kusogea."

Mimi pia humwonyesha mama mkwe wangu picha za wajukuu kwa simu, nikiinyoosha kutoka upande wangu wa sebule. Kila mara hutabasamu na kusema, "Wamekua." Sasa najiuliza kama amewahi kuwaona.