Bi Mkubwa na Wenzake Wanne

Jumatatu Katarina alipotoka kukamua, aliweka ndoo ya maziwa juu ya meza, akainama mbele ya tangi la kioo kuwasalimia samaki wake, akakuta mmoja amechanwa mkia. Ni yule mweupe, aliyemwita Maziwa. Alikuwa amejibana nyuma ya bomba dogo la kichujio cha maji, mkia umebaki vitambaavitambaa kama khanga iliyonaswa kwenye seng'enge. Juu, karibu kabisa na uso wa maji, yule mwekundu alikuwa anatembea huku na huku, kifua mbele.

"Bi Mkubwa," Katarina akasema, "ni wewe."

Hakuwa na shaka. Alikuwa na samaki watano aina ya beta, wote majike, na kati ya watano hao mwekundu ndiye aliyetangulia kuingia humo ndani. Wa pili na wa tatu walikuwa wa buluu, wamefanana hata akawaita Mapacha. Wa nne Maziwa. Wa tano alikuwa mdogo wa rangi ya zambarau kama ua la ngwara, na huyo alimwita Kidogo, ingawa kwa ujeuri hakuwa mdogo hata kidogo.

Kilichomsumbua kilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo. Mwezi uliopita, katika duka la Tariq pale karibu na soko la Karatu, mbele ya wateja wasiopungua saba, Tariq alimwambia beta hawakai pamoja. Madume hata wawili hawawezekani, majike nao watararuana tu.

"Bibi, chukua mmoja umtazame. Watano utakuja kunililia hapa."

"Tariq, mimi nimekaa na wake wa wanangu wanne katika boma moja, jiko moja," Katarina akamjibu. "Hao samaki wako wana nini wasichokuwa nacho wale?"

Watu walicheka, na Tariq, ambaye hapendi kuchekwa dukani kwake, akaweka sharti. Kuna lodge moja njia ya geti la hifadhi inataka tangi la namna ile kwa ajili ya mapokezi. Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya swala, atakuja kutazama. Akiwakuta majike watano wazima katika maji mamoja, basi, ameshindwa, na atasema hadharani kwamba ameshindwa. Akikosekana hata mmoja, tangi litarudi dukani, aliuzie lodge hiyo.

Katarina akakubali kwa sauti, kila mtu akasikia. Ndiye mwanamke ambaye katika miaka yake sabini na miwili hajawahi kurudisha kitu dukani, awe amekosea kipimo cha gauni au amekuta mchele una mawe. Alichonunua, alikaa nacho mpaka kikamtii.

Jirani yake Penina alifika saa tatu kuchukua maziwa, akatazama kioo, akapiga makofi.

"Mama Vedasto, hao sasa tukaange."

"Wewe tangu lini ukajua kukaanga samaki? Kwenu kama kwetu, mzee alikuwa akinusa samaki anahamia nyumba ya pili."

"Basi mtoe huyo mgonjwa, mweke peke yake apone. Ijumaa mrudishe, Tariq aone watano."

"Nikimtoa mnyonge, mbabe atachagua mwingine. Kesho Kidogo, keshokutwa Pacha mmoja. Nitakuwa nahamisha wagonjwa mpaka nibaki naye peke yake, mtawala wa maji matupu."

Penina alipoondoka, Katarina hakugusa kitu. Alivuta kigoda, akachukua kijiko chenye punje za chakula, akagonga kona ya kushoto ya kioo kama afanyavyo kila asubuhi. Bi Mkubwa akaja mbio. Wengine wakabaki mbali, wanatazama. Katarina akamdondoshea punje zake tatu, na hapo akasita kabla ya kuwadondoshea wengine.

Katika nyumba aliyolelewa, aliyetangulia hutengewa kwanza. Mama mkwe kabla ya wake wa wanawe, mke wa kaka mkubwa kabla ya mke wa mdogo. Hivyo ndivyo alivyokula na hivyo ndivyo alivyopakua maisha yake yote. Na kwa kuwa mwekundu ndiye aliyetangulia tangini, kila siku, bila kufikiri, alimpakulia kwanza, mahali palepale, wenzake wakingoja. Akatazama vizuri. Bi Mkubwa alimaliza punje zake, akageuka, akamfukuza Pacha aliyesogea kwenye kona ile. Kisha akamfukuza wa pili. Kona ilikuwa yake, na kutoka kwenye kona alikuwa ameanza kudai tangi zima.

"Kumbe cheo nimempa mimi," Katarina akasema.

Akakumbuka jambo la mwaka sitini na mbili, yuko darasa la tatu. Baba yake alikuwa na ng'ombe jike mwenye pembe moja, mkali, na Katarina alimpenda, akawa anampelekea chumvi kabla ya wengine. Siku baba aliponunua mtamba, yule wa pembe moja alimchoma ubavu siku hiyohiyo. Baba hakumpiga ng'ombe wala mtoto. Alimpeleka mwenye pembe kwa jirani akakae huko siku kadhaa. Huku nyuma akang'oa kigogo cha kufungia, akahamisha hori, akageuza mlango wa zizi ukatazama upande mwingine. Mtamba na wenzake wakazoea zizi jipya. Mwenye pembe aliporudi alisimama mlangoni akinusa, mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Walisukumana kidogo, yakaisha.

Katarina akaleta mtungi wa kioo uliokuwa wa asali, akaujaza maji ya tangi, akamnasa Bi Mkubwa kwa chujio la chai. Akafunika mdomo wa mtungi kwa kitambaa, maana beta huruka, lakini kitambaa chepesi, maana beta hupanda juu kuvuta hewa kama mtu. Akauweka karibu na jiko ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kwa sababu baridi ya Karatu mwezi wa saba haina huruma, na hita ilikuwa moja tu, ile ya tangini.

Kisha akaenda stoo, akatoka na chungu cha mama yake, kilichopata ufa miaka mingi iliyopita na ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Akakivunja kwa mpini wa jembe. Vigae akavisugua kingo kwenye jiwe la kusagia, kimoja kimoja, mpaka vikawa laini kama ukucha, visije vikachana mapezi. Akavichemsha. Akang'oa majani yote ya tangini akayapanda upande wa pili, akasimamisha vigae katikati, hivi na hivi, hata samaki aliye kona hii asiweze kumwona aliye kona ile. Pale kwenye kona ya kushoto, penye kiti cha enzi, aliweka kigae kikubwa kuliko vyote.

Tangu siku hiyo alilisha mahali patatu kwa wakati mmoja, bila kugonga kioo. Siku ya kwanza Maziwa hakutoka. Siku ya pili alitoa kichwa. Alhamisi alikula, na pembeni ya mkia wake uliochanika palikuwa na utando mwembamba unaopitisha mwanga, mkia mpya unaota. Kwenye mtungi Bi Mkubwa alikula pia, alibadilishiwa maji kila siku, na alinuna.

Ijumaa saa nane Tariq alifika, kanzu imepigwa pasi, na kamba ya kufungia mzigo mkononi.

"Kamba ya nini?" Katarina akamwuliza.

"Ya tahadhari, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, chai ipo."

Tariq alipokea kikombe, hakukaa. Alihesabu mbele ya kioo, akahesabu tena. "Wanne."

"Wa tano yuko jikoni."

Alipouona mtungi alitabasamu. "Bibi, tusisumbuane. Huyu ni mzima, nimemwona. Tuseme wako watano, mimi niondoke, nawe umwache hukohuko. Wateja nitawaambia umeshinda."

Angeweza kukubali. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa watu wawili.

"Tulisema maji mamoja," Katarina akajibu. "Hatukusema wanne na mfungwa."

Akaushusha mtungi taratibu ndani ya tangi, akauinamisha. Bi Mkubwa akatoka. Mistari myeusi ikamtokea ubavuni, kama inavyowatokea wakiwa na hofu. Akaenda moja kwa moja kona ya kushoto, akakutana na kigae. Akakizunguka, akakosa njia aliyoizoea. Nyuma ya kigae alikuwepo Kidogo, aliyejifanyia makazi pale tangu Jumanne, naye akatanua mashavu yote.

Bi Mkubwa akamrukia, Kidogo akamrudishia. Tariq akasogea. "Mtoe, Bibi! Mtoe!"

"Kaa chini, Tariq. Unakunywa chai yangu ukiwa umesimama kama askari wa geti."

Akakaa. Wale wawili walizungukana mara ya pili, mara ya tatu, wakapeana ubavu. Kisha Bi Mkubwa akapanda juu akavuta hewa, akashuka upande wa pili. Akapita mbele ya Maziwa. Katarina alikuwa ameshika ukingo wa meza. Maziwa hakukimbia. Alirudi nyuma ya kigae chake hatua moja, akabaki hapo. Bi Mkubwa akamtazama, akaendelea na safari yake, akitafuta mahali.

Chai ya Tariq ilipoa, akamiminiwa nyingine, nayo ikapoa. Saa kumi alisimama akaanza kukunja kamba.

"Nimeshindwa, Bibi."

"Utasema dukani, kwa sauti ileile ya siku ile."

"Nitasema." Akachungulia tena. "Hivyo vigae, huwezi kunigawia viwili? Nina tangi dukani, samaki wake wanararuana kila wiki."

"Hiki ni chungu cha mama yangu. Nenda kavunje cha mama yako."

Tariq akacheka mpaka nje ya geti.

Jioni Katarina alileta chakula. Bi Mkubwa alikwisha kurudi pale kona ya kushoto, juu ya kigae, anangoja kama mtu aliyezoea kuhudumiwa. Katarina akamwona, akampita, akaanza kwa Maziwa.