Goti Langu Mlangoni pa Maktaba

Raha iliingia dosari katika nyumba niliyofanyia kazi, mtaa wa Al Thumama mjini Doha, siku mjukuu alipotuma picha kutoka chuoni kwake Ulaya. Alikuwa amekaa na vitabu vyake, lakini nyuma yake palikuwa na dirisha la vioo vya rangi, watakatifu wamejipanga. Bibi yake, ambaye kumtunza ndiyo ilikuwa kazi yangu, aliikodolea macho simu mpaka machozi yakamtoka.

"Wamembatiza," akasema.

Kijana alieleza kwamba ni maktaba ya chuo, kwamba hapo zamani palikuwa kanisa la watawa. Nani amsikilize? Kiangazi kilipoanza tukapanda ndege, bibi, mwanawe, na mimi wa kusukuma kiti cha magurudumu.

Tulipofika, bibi aligoma mlangoni. "Wewe Mkristo, makanisa unayajua. Ingia utazame, uniambie ukweli, wallah."

Nikaingia. Misa sikuwa nimeionja tangu niajiriwe, maana Wakristo wa Doha husali Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku ukoo mzima huja kula kwa bibi. Basi nilipoziona zile nguzo na lile dari refu, mkono ulienda wenyewe kwenye bakuli la mawe la maji ya baraka. Nikagusa penseli zilizojazwa humo badala ya maji. Goti nalo likashuka, nikafanya ishara ya msalaba mbele ya mkutubi aliyepigwa na butwaa.

Mlango ulikuwa wa kioo. Nje nikasikia kilio.

Nilitoka mbio. "Mama, ni vitabu tu! Padri hakuna. Palipokuwa na altare wameweka mashine ya fotokopi!"

"Mbona umepiga goti?"

"Mazoea, Mama. Nimekosa kanisa siku nyingi, nikadhani nimelipata."

Mjukuu akatokea na begi lake, akambusu bibi kwenye paji la uso, akalalamika njaa. Bibi akamshika mashavu, akamkagua kama anayenunua tikiti maji, kisha akacheka mpaka ushungi ukamteleza. Nami nilicheka, maana nilishajiona nafungashiwa virago.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi Doha nilikuwa jikoni nakata vitunguu, wageni wakiwa njiani. Bibi akamwita dereva.

"Mpeleke huyu kanisani," akamwambia, "goti lake lisije likaniliza tena."

Nikamuuliza, na chakula je?

"Yalla, nenda," akasema, akaninyang'anya kisu.