Nyasi Kwanza, Mabati Baadaye

Siku ambayo chifu wetu alitangaza sheria ya nyumba naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu jioni hiyo mama yangu hakula, na mama hakuwa mtu wa kuacha chakula.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, mkoloni akipigana na wapiganaji wa msituni. Sisi wa Kianjokoma tulikuwa tumeondolewa mashambani tukarundikwa katika kijiji kimoja kilichozungukwa na mtaro, tukabanana hata jirani akikohoa wewe ndiye unayetafuta dawa. Halafu mashamba yakapimwa upya, na mama, mjane, akapata kipande chake upande wa juu, karibu na msitu. Tulifurahi mapema mno. Chifu alisimama barazani akasema kwamba anayetaka kurudi shambani ajenge kwanza nyumba bora, ya pembe nne na paa la mabati, kabla ya mvua ya njahi, ile ndefu ya masika. Atakayeshindwa atabaki kijijini, na shamba lake atapewa mwingine alilime.

Mabati! Mama hakuwa hata na sufuria ya pili. Na siku za kujenga angezitoa wapi, ilhali kila asubuhi wanawake walitolewa kwa amri kwenda kuchimba matuta?

Mimi nilikuwa msichana wa kukaribia kuolewa, mdomo umetangulia akili. Nilikuwa nimesikia kwamba mashamba ya ngano kule Timau yanatafuta vibarua, na kila kibarua anapewa chumba bure. Nikamshawishi mama twende tukaishi huko, tuachane na shamba lenye masharti. Nyanya yangu, Cucu Igoki, alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua hata kichwa.

"Siku mkono wa mama yako utakapochoka kuvuna ngano," aliniuliza, "hicho chumba kitakuwa cha nani?"

Nikaketi kando yake nikamsaidia kuchambua. Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. Cucu hakuijua methali hiyo, lakini maana yake alikuwa nayo tangu zamani.

Baraza lililofuata, Cucu alisimama. Usidhani lilikuwa jambo dogo, mwanangu. Wanawake walikaa nyuma na kunyamaza, na siku hizo watu walifungwa kwa neno moja tu. Mama alimvuta shuka, naye Cucu akaivuta ikamtoka mama mkononi.

"Chifu, mwanangu, wewe ulizaliwa chini ya mabati?"

Watu walicheka, kisha wakakumbuka kuogopa. Chifu alijikuna pua. "Chini ya nyasi, cucu."

"Na ukakua, ukawa chifu. Basi nyumba iwe na pembe nne, sawa. Iwe na dirisha na choo, sawa. Lakini paa liwe la nyasi kwanza, mabati yatakuja kahawa ikizaa. Na Ijumaa uturudishie, tusiende matuta, tujengeane. Sisi nyumba tulikuwa tunaimaliza kwa siku moja, jioni moto unawaka ndani. Haikumshinda mjane hata mmoja."

Chifu alisema hilo ni la wakubwa wake. Tukangoja, mawingu yakaanza kukusanyika mlimani, na mama akakonda. Hatimaye jibu likaja: nyasi zimekubaliwa, na Ijumaa ni yenu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Ijumaa ya nyumba yetu ilipofika, wanaume walikata nguzo, akina mama wakaleta nyasi, sisi wasichana tukakanyaga udongo. Lakini sisi Waembu tulikuwa tumejenga nyumba za mviringo maisha yetu yote, na pembe hatukuzijua. Tukavuta nyasi zote kuelekea katikati, kama tulivyozoea, pembe nne zikabaki na nyasi chache kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa. Mvua ya kwanza ilipopiga, nyumba ilivuja pembe zote kwa usawa, bila ubaguzi. Mama alisukuma kitanda katikati, akakaa juu yake, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Inanyesha nyumbani kwangu," alisema. "Hapa hakuna wa kuniambia niondoke."

Nami nililia, kwa furaha na kwa aibu ya Timau.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayepanga chumba mjini Makutano na kusema nyumba ni za matajiri, na wasikie pia wale waliopewa viti vya kutunga sheria. Sheria ya nyumba ikianzia kwenye paa la tajiri, maskini atalala nje akilitazama. Mwacheni mtu aanze na chumba kimoja kwenye ardhi yenye jina lake, aongeze kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Msimwibie siku zake, kisha mkamwita mvivu. Nawe kijana, sheria ikikubana, usikimbilie kuhama. Simama uulize kwa heshima, maana sheria hutungwa na watu, na watu huzungumzika.

Sogea nikutemee mate ya baraka kifuani, mwanangu. Ngai, Mungu wetu, akupe kiwanja, akupe majirani wa kuinua nguzo pamoja nawe, na wajukuu wako wazeeke pale pale walipozaliwa.