Bastola ya Kujifunzia

Kutu ndiyo iliyokuwa swali la kwanza la baba kwa kitu chochote cha chuma. Akinunua bati, aliligonga kwa ukucha kisha akanusa kidole. Akinunua jembe, aliuliza habari za kutu kabla ya bei. Kwetu Suma mvua ikishaingia husahau njia ya kutokea, na chuma kisichopakwa mafuta hugeuka udongo mwekundu kabla mwenyewe hajakizoea. Kwa hiyo siku aliposhika bastola kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliisogeza karibu na pua, kama mtu anayekagua samaki sokoni, akauliza:

"Hii inashika kutu?"

"Hata wewe unashika kutu, bwana kahawa," akajibiwa. "Ila geuza huo mtutu kwanza. Unamtazamisha askari wa watu."

Aliyejibu alikuwa mwanajeshi mstaafu wa mtaa wa Msasani, Tukuyu, mtoto wa ukoo wa mafundi cherehani waliotoka pwani zamani wakazeekea mjini humo. Sote tulimwita Afande. Polisi walimwamini kuwasimamia watu wanaojifunza shabaha, na Jumamosi ile walikuwa wameturuhusu kwenda katika shimo la zamani la kuchimbia moramu ya barabara, nje ya mji, tukiwa na askari mmoja aliyebeba bastola mbili zilizokuwa zinatafuta mmiliki mpya. Mnunuzi alikuwa baba. Mpigaji nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimechoka, uchovu ule wa kijana ambaye bado hajafanya chochote ila kusubiri.

Nieleze tulifikaje pale.

Zamani kahawa yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika, na wakulima walijua kulalamika kwa sauti moja. Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Madukani Makandana, mjini Tukuyu, yakatokea mashati, redio na sabuni zenye harufu ya maua ambayo hakuna aliyewahi kuyaona yakiota, na kwenye kahawa wakaja wanunuzi binafsi. Baba alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwa wakala wao. Alitundika mizani chini ya upenu wa nyumba yetu, na watu wakaja na kahawa zao za maganda kuanzia asubuhi, wamejifunika mifuko ya nailoni kichwani. Msimu ule wa kwanza baba alicheka sana. Namkumbuka akikaza macho kusoma mshale wa mizani na kuutangaza kwa sauti kubwa, ili kila mtu asikie kwamba haibi.

Msimu wa pili wakala mwenzake alivamiwa kwenye kona ya kuteremkia daraja, akiwa na fedha za wakulima. Walimvunja taya. Tulipokwenda kumjulia hali alitaka kutuambia kitu, akashindwa, akabaki kumnyooshea baba kidole.

Na msimu huohuo macho ya baba yakaanza kufifia. Mtoto wa jicho, wakasema hospitalini, asubiri likomae ndipo lipasuliwe. Ikifika saa kumi na moja jioni alikuwa hatofautishi mtu na kisiki. Mama alikuwa ametangulia, amelala katika migomba nyuma ya nyumba pamoja na wazee wetu, na mimi nilikuwa mtoto pekee. Baba akapiga hesabu yake kimya kimya: yeye ataomba kibali cha bastola, na bastola itakaa kwenye mkoba wangu. Nitatembea naye. Nitakuwa macho yake na mkono wake.

Tatizo lilikuwa kwamba nilikuwa nimechaguliwa kuingia kidato cha tano, shule ya bweni, Iringa. Shule ilifunguliwa Julai, na Julai ndipo kahawa ya kwetu inapoanza kununuliwa kwa nguvu. Baba hakuwahi kuniambia nisiende. Kila jioni, nikimletea maji ya kunawa, alisema tu, "Tutaona." Nami sikuwahi kumwambia kwamba nataka kwenda. Nilikunja sare ya zamani, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Mwanzoni alitaka nijifunzie nyumbani. Alisema mgomba ni laini, unameza risasi kama ugali. Bibi, mama yake, alimsikia. Kesho yake asubuhi tulimkuta amekaa katikati ya migomba juu ya kigoda, anamenya ndizi, beseni kati ya miguu, ukungu umemfunika mpaka kiunoni.

"Pigeni," alisema. "Anzeni na mimi, mimi niko karibu zaidi."

"Mama, tunatafuta mahali pa kulenga tu."

"Hapa hapana mahali. Hapa pana watu. Mkeo yupo hapo unapokanyaga, tata, baba yangu. Hukumpa usingizi alipokuwa mzima, na sasa?" Kisha akanigeukia. "Nawe, gwe mwana, unataka hicho kidude?"

Nikasema sijui.

"Hajui," bibi aliiambia ndizi. "Kasoma mpaka kidato cha nne, hajui."

Ndiyo maana tukaenda kwa Afande.

Bastola ya kwanza ilikuwa ya mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi aliyekuwa anafunga duka ili arudi kwa watoto wake Tanga. Ilikuwa nyeusi, nene, nzito kama jiwe la kusagia. Ya pili ilikuwa ya meneja wa shamba la chai lililokuwa linauzwa. Yeye alizoea kulengea makopo siku za Jumapili. Hiyo ilikuwa na mtutu mrefu mwembamba, na risasi zake zilikuwa ndogo mno, mtu angeweza kuzidhania mbegu. Baba alizipapasa zote mbili. Hakuuliza kutu tena.

"Hii," alisema, akishikilia ile nene. "Hii mtu akiiona tu anakaa chini."

"Na hiyo nyingine?" Afande aliuliza.

"Hiyo ya kuulia panya."

Askari akacheka. Afande hakucheka. Alinipa pamba ya masikio, akaniambia nisimame, miguu wazi, na akanifundisha mambo ambayo mpaka leo mwili wangu unayakumbuka hata akili ikisahau: kidole kikae nje mpaka aseme, mtutu usielekee popote ambapo sitaki patoboke, na nikiulizwa kama ina risasi, jibu ni ndiyo, hata kama nimeona kwa macho yangu kwamba haina.

"Triga huivuti, binti. Unaibonyeza. Kama unavyobonyeza parachichi kujua limeiva. Ukilibonyeza kwa hasira unaliharibu."

Mbele yetu, chini ya ukingo wa udongo mwekundu, kulikuwa na debe la mafuta ya kula. Nikapiga na ile nene, maana baba ndiye aliyetaka. Sauti ilinipiga kifuani. Mikono ilipaa, na vumbi likaruka ardhini, mbali na debe, karibu na sisi kuliko debe. Nikapiga tena, ikawa vilevile. Nilihisi machozi, si ya uchungu, ni mwili tu ulikuwa unashangaa.

Afande aliniambia niiweke chini. Akanishika mkono wa kulia, akaugeuza, akatazama doa la kijanikibichi lililokwishageuka jeusi kwenye ncha ya kidole gumba na cha shahada.

"Wewe unachuma chai."

"Ndiyo, Afande. Tangu nimalize mtihani."

"Nimeona. Unachuma na hapa. Majani mawili na ncha, tap, kiganja kinaanguka. Kila ukipiga, unachuma." Akanionyesha kwa mkono wake mtupu jinsi ninavyodondosha kiganja, na kwa kweli ndivyo nilivyokuwa nafanya shambani mchana kutwa, bila kujua. "Si kosa. Ni kazi imekaa mkononi. Lakini hii kubwa haitakufundisha kuiacha. Itakufundisha woga tu. Shika ile."

Ile ya panya haikunipiga. Ilitoa mlio mkavu, kama kuni inapokatika, na ikabaki mkononi mwangu. Nikapata nafasi ya kukisikia kiganja changu kikitaka kuanguka, na kukikataza. Mara ya tatu au ya nne debe likalia.

"Amepata?" baba aliuliza.

Nilimtazama. Debe lilikuwa limetikisika mbele ya macho yetu sote.

"Amepata," alisema Afande polepole. Akavuta pamba kutoka sikio moja, kisha jingine, akaipachika mfukoni. "Bwana kahawa. Silaha hii ni ya nani?"

"Kibali kitakuwa changu."

"Sikuuliza kibali. Nauliza mkono."

Baba alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akasema, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida, "Yeye atanibebea. Tukiwa njiani. Mimi nitakuwa pale pale."

"Hapo mimi simo. Kama unamnunulia mwanao kitu cha kujifunzia, nitamfundisha mpaka uchoke kunilisha. Kama unajinunulia mlinzi, hata huyu askari atakwambia, nenda kaajiri mlinzi. Mtu mzima."

"Mimi nipo. Kwani mimi siwezi kupiga?"

"Sawa," alisema Afande, sasa kwa upole, na upole wenyewe ulinitisha kuliko ule mlio. "Piga wewe."

Alimsimamisha, akamrekebisha mabega, akasimama nyuma yake karibu sana, mkono wake ukiwa tayari chini ya mkono wa baba. Baba aliinua ile nene. Aliishika vizuri kuliko mimi. Alikuwa mtu wa nguvu. Kisha mtutu ukaanza kutafuta. Ukaenda kulia, ukarudi, ukatulia kwa uhakika kabisa kwenye kichaka cha matete kilichokuwa peke yake kushoto, hatua nyingi kutoka kwenye debe. Afande akamshusha mkono kabla hajabonyeza.

Askari alijishughulisha na kamba ya kiatu.

"Jua limenipiga machoni," baba alisema.

Hakukuwa na jua. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani tangu asubuhi, na tulikuwa tumesimama ndani yake kama watu ndani ya maziwa.

Alitafuta jiwe kwa mguu, akakaa. Nilitaka kwenda kukaa karibu naye, lakini nilikuwa bado nimeshika silaha, na Afande alikuwa amenifundisha kwamba mwenye silaha hatembei hovyo. Basi nikasimama, mtutu ukielekea kwenye ukingo, nikimsikiliza baba anavyopumua. Julai yangu yote ilikuwa imekaa pale juu ya jiwe.

"Hiyo ndogo," aliuliza hatimaye, "inaweza kumzuia mtu njiani?"

"Inaweza kumkasirisha," alisema Afande. "Ni ya kufundishia mkono. Anayeanza na kubwa huogopa mlio, na anayeogopa mlio hufumba macho."

"Mimi sikufumba macho," baba alisema kwa sauti ya chini.

Alijifuta uso kwa kofia yake, taratibu, kwanza jicho moja, halafu jingine, kana kwamba bado kulikuwa na kitu cha kufuta.

"Nichukulieni hiyo ya panya," alisema. "Mwezi mzima nimempa mtoto kazi ya kuogopa. Angalau akijue anachokiogopa."

Njiani kurudi Suma nilitangulia mimi, baba ameshika ncha ya mwavuli wangu, na mimi namwambia: mfereji, jiwe, ng'ombe. Hakusema lolote kuhusu shule. Tulipofika, alisimama chini ya upenu, akainua mkono, akaigusa mizani, akapitisha kidole gumba kwenye ndoano.

"Imeanza kushika kutu," alisema.

Jumamosi zilizobaki zilikuwa za shimo la moramu. Kibali kilipotoka, bastola ilikaa kwa baba, imefungiwa sandukuni, na ikatoka tu tulipokwenda kwa Afande. Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo umeegemea ukingo wa pili, nyuma yetu, akisikiliza. Akajifunza kutofautisha kwa sikio mlio wa udongo na mlio wa debe, na akaacha kuuliza kama nimepata. Akasema mwenyewe: "Hiyo kosa." "Hiyo umechuma tena." "Hiyo, haya." Tukirudi nyumbani, yeye ndiye aliyeisafisha kabla ya kuifungia. Alipapasa kila kona kwa kitambaa chenye mafuta, macho ameyaelekeza kwenye migomba. Bibi akipita na beseni lake alisema, "Mnamwogesha mgeni wenu?" Baba akajibu, "Ndiyo, mama, amechoka na safari." Wakacheka wote wawili, na nadhani hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia nyumbani mwaka ule.

Nikaenda Iringa. Sikuaga kwa maneno mengi. Baba alilishika sanduku langu la bati, akaligonga kwa ukucha, akanusa kidole, akanipa.

Niliporudi likizo ya Desemba mizani haikuwapo chini ya upenu. Palikuwa na alama mbili tu kwenye boriti. Sikumwuliza baba, nilimwuliza bibi, jikoni, huku namsaidia kumenya ndizi.

"Aliwarudishia mizani yao wale wanunuzi," bibi alisema. "Hakununua hata punje. Alipeleka kahawa yake kwa wakala yule mpya, akasimama foleni kama sisi, na mvua."

"Alisema nini?"

Bibi aliosha kisu, akakifuta kwenye kanga.

"Atasema nini? Ilipofika zamu yake, alitundika gunia kwenye mizani, akamgeukia jirani, akauliza, 'Mshale uko wapi?'"