Pampu ya Maji na Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani Mundika, na nikikosa la kufanya nafungua boneti. Pampu ya maji ya gari letu kuukuu ilipoanza kuvuja, nilinunua mpya mjini Busia, nikakataa kuita fundi.

"Ni boliti nne tu," nilimwambia mke wangu.

Ile ya zamani niliisugua kwa petroli hadi ikang'aa, niwauzie watu wa vyuma chakavu. Kisha nikafunga mpya kwa mbwembwe, ya zamani nikaitia kwenye mfuko wa vyuma chakavu ndani ya gari.

Jumamosi tulimbeba mama mkwe kwenda Malaba, ambako harusi ya mjukuu wake ilikuwa ikimngoja yeye aombe baraka. Katikati ya njia gari likachemka, mvuke ukatanda.

"Fundi wangu, shuka basi," mke wangu akanicheka.

"Si pampu!" nikabisha. "Pampu ni mpya, hata mbele ya pasta nitaapa."

Mama mkwe, ambaye kwa heshima hajawahi kunisemesha zaidi ya salamu, aliokota mfuko wangu wa vyuma uliokuwa miguuni pake, akachungulia ndani.

"Baba," akasema taratibu, "hiki chuma chakavu chako bado kina lebo ya duka."